“Inaingia”: karteri za injini ya rota na moshi tunaouvuta Lubumbashi

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa bado imelala juu ya mabati, nilikuwa nimesimama katika gereji moja ya Kampemba nikitazama vipande viwili vya alumini vilivyolazwa juu ya katoni ya sabuni. Umbo lao ni moja: ganda la karanga ya punje mbili, limebanwa kidogo kiunoni, na upande wa ndani limepakwa kromi. Ni karteri za injini ya rota, yaani maganda ambamo rota huzunguka. Moja ilitoka katika Mazda RX-8 yenye usukani wa kuume iliyokuwa imekufa hapo uani. Nyingine ilifika na mzigo wa vyuma vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, uliopitia Dar es Salaam na mpakani Kasumbalesa, nayo ilitolewa katika RX-7 ya mwisho wa miaka ya 1980.

Fundi, mtu ninayemheshimu na ambaye amenishikia magari kwa miaka mingi, aliinua ile ya zamani, akailaza juu ya bamba linalofunga ubavu wa injini ya RX-8, akaisukuma kwa kiganja. Mashimo ya boliti yakakutana. Akanigeukia.

“Inaingia, yaya. Unaona? Hapana hata kupiga lime.”

Alisema kweli, tupa haikuhitajika. Na neno lake hilo ndilo ninalotaka kulijadili hapa, kwa sababu ndilo linaloendesha magari ya mji huu. Kilase, kile kichwa cha injini, ya Toyota hii hukaa juu ya bloku ya Toyota ile, kabureta ya Nissan ikapata kazi mahali ambapo haikuzaliwa, giaboksi iliyotoka Zambia ikafungwa usiku, na kesho yake gari liko barabarani kuelekea Likasi. Bila neno “inaingia” nusu yetu tungekuwa tunatembea kwa miguu. Siwezi kulidharau. Lakini ni neno linalojibu swali moja tu, swali la boliti, na kuna injini ambazo swali la boliti ndilo dogo kuliko yote. Injini ya rota ni ya kwanza kati ya hizo.

Tuanze na injini tuliyoizoea. Kwenye pistoni, kinachoamua lini hewa iingie na lini moshi utoke ni vali, na vali zinaamriwa na kamshafti. Ukibadilisha bloku iliyokwaruzika ukaweka nyingine ya aina ileile, saa ya vali haikuguswa, iko juu kwenye kilase. Injini ya rota haina vali wala kamshafti. Ina rota ya pembetatu inayozunguka ndani ya karteri, ikipita mbele ya matundu yaliyokatwa katika chuma. Rota inapofunua tundu, mlango umefunguka, inapolifunika, umefungwa. Mahali pa tundu, urefu wake, ukingo wake wa juu na wa chini, hivyo ndivyo saa ya injini. Kwa hiyo anayebadilisha karteri hajabadilisha kuta za nyumba peke yake. Amebadilisha na kamshafti, bila kujua, kwa sababu kamshafti yenyewe haionekani: ni tundu.

Sasa ziangalie tena zile mbili juu ya katoni. Ile ya RX-7 ina tundu kubwa pembeni, linaloingia mkono wa mtoto, na masizi yameganda ndani yake. Hilo ndilo lango la moshi. Ile ya RX-8 haina lango la moshi kabisa. Ukiizungusha mikononi utaona hasa mashimo ya buji, zile plagi za kuwasha moto, na njia za maji. Mtu anaweza kudhani ni kipande kisichokamilika. Lakini hicho kisichokuwepo ndicho kilichogharimu akili nyingi kuliko vyote vilivyomo.

Kwa nini zinafanana kiasi cha kudanganya? Kwa sababu Mazda walishika vipimo vilevile kwa karibu nusu karne. Kutoka kitovu cha rota hadi ncha yake ni milimita 105. Ekisentriki ya shafti ni milimita 15. Walipotaka injini kubwa zaidi waliongeza upana tu: milimita 60 kwa injini ya 10A ya Cosmo Sport ya 1967, 70 kwa 12A, 80 kwa 13B. Mkunjo wa ndani ni uleule. Ukiwa na kalipa utatambua 12A na 13B kwa sekunde tano. Ukiwa na macho peke yake unaweza kupotea. Na injini ya RX-8, iliyoanza kuuzwa 2003 kwa jina la Renesis, ni mtoto wa ukoo huohuo wa 13B: rota mbili, kila chumba sentimita za ujazo 654, jumla 1,308.

Hiyo 1,308 ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi za gari, na wanunuzi wengi hapa wanaifurahia wakidhani ni gari dogo lisilokunywa. Lakini rota hutoa mlipuko mmoja katika kila mzunguko wa shafti, kwa hiyo injini hii huvuta hewa na esanse, yaani petroli, kama injini ya pistoni ya lita 2.6. Japani wanalijua hilo: kwenye kodi ya magari ujazo wa rota huzidishwa kwa 1.5. Nalitaja kwa sababu moshi hufuata kile kinachomezwa, haufuati namba iliyo kwenye karatasi.

Turudi kwenye tundu. Chumba cha moto cha rota ni kirefu na bapa, na kinasafiri huku kikiungua. Moto unawashwa na buji, unakimbilia mbele pamoja na mwendo wa rota, na mkia wa chumba unabaki nyuma na esanse isiyowahi kuguswa. Kuta ni pana kuliko za pistoni, na karibu na chuma baridi moto huzimika. Juu ya hayo, segma za ncha, vile vyuma vyembamba vilivyo kwenye kila ncha ya rota, huvujisha kidogo kila zinapopita. Hata shimo la buji ya nyuma lilifanywa jembamba sana, kwa sababu ncha inapopita juu yake shinikizo hutorokea chumba cha jirani. Kisha kuna oili, inayopigwa kwa makusudi ndani ya chumba ili kulainisha hizo segma, nayo inaungua. Matokeo yake ni kwamba rota hutoa oksidi za nitrojeni kidogo, maana joto lake la juu ni la wastani, lakini hutoa haidrokaboni mbichi kwa wingi. Ndiyo ile harufu ya esanse inayokuchoma pua ukisimama nyuma ya RX-7 ya zamani.

Lango la moshi likiwa kwenye karteri, pembeni, ncha ya rota inafagia kila kitu hadi nje: moshi, oili iliyobaki ukutani, na ule mkia wa esanse usioungua. Tena, kabla lango hilo halijafungwa sawasawa, mlango wa hewa umeshafunguka, kwa hiyo sehemu ya mchanganyiko mpya inapita moja kwa moja kwenda eksozi na sehemu ya moshi inarudi ndani. Lile wazo la Renesis lilikuwa kuhamisha malango ya moshi kutoka kwenye karteri kwenda kwenye mabamba ya ubavuni. Hapo saa mbili zile haziingiliani tena. Mlango wa hewa unafunguka baada ya ule wa moshi kufungwa, na haidrokaboni zilizofagiliwa na ncha haziponi: hubaki ndani na kupita motoni mara ya pili. Ni usafi uliopatikana kwa kulitoa tundu mahali lilipokuwa.

Na huu ndio usafi ambao fundi wangu, kwa mkono wake mwema, alikuwa karibu kuufuta kwa boliti.

Watu husahau kwamba vita vya injini hii na moshi ni vya zamani. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 iliwataka wenye viwanda wapunguze haidrokaboni na kaboni monoksaidi kwa asilimia 90, na wengi waliona rota imekwisha. Mazda walijibu kwa chungu kizito cha chuma kilichofungwa mbele ya karteri, ambamo hewa ilipulizwa ili moshi mbichi uungue humo. Chungu hicho kilifanya kazi mradi tu kipate joto, na ili kipate joto, lango la moshi ndani ya karteri lilivishwa koti la chuma lisiache joto liibwe na maji ya ubaridi. Yaani hata wakati huo karteri ilikuwa kiungo cha mfumo wa kusafisha. Chungu hicho kilidai mchanganyiko wenye esanse nyingi, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipokuja, wanunuzi wakakimbia. General Motors waliahirisha rota yao mwaka 1974 na haikurudi. Citroën walitoa GS Birotor mwaka 1973, kisha wakanunua tena magari yao kutoka kwa wateja ili yavunjwe, wasije wakalazimika kutunza vipuri vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mazda wakaacha chungu wakahamia kwenye katalizeri, kisafisha moshi kinachofungwa kwenye eksozi. Renesis yenyewe, iliyo safi kuliko ndugu zake wote wa zamani, iliondoka Ulaya 2010 kwa kushindwa kiwango cha moshi cha Euro 5, na RX-8 ikakoma kutengenezwa 2012. Nayasema haya ili tuelewe kwamba RX-8 haina usafi wa ziada wa kupoteza. Inasimama ukingoni.

Ukiweka karteri ya RX-7 kwenye mwili wa RX-8, mambo yanafuatana kwa mpangilio. Malango ya ubavuni yasipozibwa, sasa kuna milango ya moshi miwili inayopingana saa. Yakizibwa, umerudi kwenye injini ya kizazi kilichopita, huku kompyuta ya gari bado inafikiri iko 2003. Hewa mbichi inapita kwenye eksozi, kihisi cha oksijeni kinaiona, kinaripoti kwamba esanse imepungua, na kompyuta kwa utiifu wake inaongeza esanse. Kaboni monoksaidi inapanda. Esanse isiyoungua inafika kwenye katalizeri na kuungua humo, katalizeri inakuwa nyekundu kama jiko la mkaa, sega lake la ndani linayeyuka na kuziba. Gari linakosa nguvu. Na hapo, tunajua wote kinachofuata: chuma cha urefu wa mkono kinaingizwa, katalizeri inatobolewa, “gari limepona”. Kipande kimoja kilichoingia vizuri kimetoa kingine nje, na hakuna aliyeamua kuchafua.

Kuna mtego mwingine, mdogo kwa macho. Kwenye injini za kabla ya 1986, mifereji ya mipira ya maji ilikatwa kwenye karteri. Kuanzia kizazi cha 1986 ilihamishiwa kwenye mabamba ya ubavu. Ukichanganya karteri ya kale na bamba la baadaye, mifereji miwili inatazamana na mpira unaogelea bila kubanwa. Ukichanganya kinyume chake, hakuna mfereji upande wowote. Boliti zinakaza, injini inawaka, na baada ya wiki maji yanaingia chumbani na moshi mweupe unatoka.

Lubumbashi inaongeza la kwake. Tuko kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa miji ya pwani inamwaga esanse kupita hewa iliyopo. Gari lenye kompyuta nzima na vihisi vizima hujirekebisha lenyewe. Lililokatwa vihisi na kufungwa kabureta ya zamani, ambayo nayo “inaingia”, haliwezi. Hii haiwahusu wenye rota peke yao.

Najua nitakachoambiwa. Magari ya rota hapa ni ya kuhesabu kwa vidole, na malori ya madini yanayoshuka kutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa yanapanga foleni usiku na mchana yakitema moshi mweusi. Na mji huu wenyewe ulizaliwa ndani ya moshi: shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa 1911, na bomba kubwa la Gécamines, kampuni ya madini, na terili yake, kile kilima cha mabaki ya kuyeyushia, ndivyo alama zetu, tunawaonyesha wageni. Mtu aliyekulia chini ya bomba lile anaulizwa kuhusu lango la karteri? Ndiyo, anaulizwa. Malori yana uzito mkubwa kuliko RX-8, sikatai, na siku moja nitaandika juu ya mazutu, yaani dizeli, peke yake. Ila lori la madini lina kampuni, mkataba, mtu wa kufuatwa. Moshi wa magari yetu madogo hauna mwenye. Unatengenezwa uani, kipande kwa kipande, na watu wema wanaotaka mtoto wa jirani afike kazini. Unaninginia juu ya Katuba na Kenya, mitaa ya mji huu, asubuhi za baridi, pamoja na wa majiko ya mkaa, na wanaouvuta ni wanafunzi wanaotembea kando ya barabara. Rota inatusaidia kuona jambo hili kwa sababu ndani yake limeandikwa wazi: tundu lipo au halipo. Kwenye kilase ya Toyota limefichwa katika uwiano wa kompresyo na katika mrija wa kurudisha moshi uliozibwa kwa kipande cha bati, lakini ni jambo lilelile.

Nimepeleka magari yangu kwenye kontroli teknike, ukaguzi wa magari, mara nyingi kiasi cha kusahau hesabu. Taa zimetazamwa, breki zimekanyagwa, honi imepigwa, karatasi imegongwa muhuri. Hakuna hata mara moja mtu aliyeingiza kipimo kwenye bomba la moshi la gari langu. Hili linaniuma kwa dhati, maana nililipa, na kipimo cha gesi ni kifaa cha kubebeka, si mtambo wa kiwanda.

Kule California kuna kanuni ninayoipenda kwa wepesi wake. Anayebadilisha injini aweke ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, na ije na vifaa vyake vyote vya kusafisha moshi. Haikatazi kubadilishana. Inataka tu mwendo uwe wa kwenda mbele. Tukiisema kigereji: kipande kisiwe mzee kuliko gari. Kwa kanuni hiyo, RX-7 ya zamani yenye karteri iliyobanduka kromi inaweza kufungwa karteri ya 13B ya mwaka wa baadaye, mifereji ikipatana, na kila mtu atafaidika: segma zitakamata, oili itapungua, harufu itapungua. Undugu wa vipimo unaweza kusafisha hewa. Unachafua pale unaporudi nyuma. Mazda wenyewe sasa wameuvunja undugu huo: rota mpya ya MX-30 ya 2023, ya sentimita za ujazo 830, ina rota moja, vipimo vipya na esanse inayopigwa moja kwa moja chumbani. Hakuna karteri ya 13B itakayoingia humo, na nadhani walifanya vema.

Asubuhi ile hatukugombana. Nilimwomba fundi tupime kwanza injini iliyokufa, kabla ya kuihukumu. Alitoa kipimo cha kompresyo, tukang'oa kijivali chake, maana kikiwa na kijivali kinashika namba moja kubwa na kukuficha nyingine. Bila kijivali, mwenye gari akiwa ndani anazungusha stata, sindano inapaswa kuruka mara tatu kwa kila mzunguko wa rota, ruko moja kwa kila uso. Rota ya mbele iliruka mara tatu, dhaifu lakini sawa. Ya nyuma iliruka mara moja, kisha ikatikisika, kisha ikatikisika. Segma moja ya ncha imekufa, na segma moja ikifa huua nyuso mbili.

Basi tukaipasua. Fundi alipitisha kidole chake ndani ya karteri ya nyuma, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto, akasimama chini kidogo ya shimo la buji. Kromi ilikuwa imebanduka, upana wa kucha. Karteri ya mbele ilikuwa nzima.

“Kumbe moja tu,” akasema.

Kisha akaichukua tena ile ya RX-7, akaizungusha mpaka lango la moshi likamtazama, akachungulia ndani yake hadi upande wa pili. Alikaa nayo hivyo kwa muda. Mwenye gari, kijana anayeuza simu karibu na soko la Kenya, alikuwa ameshapiga namba ya mtu wa Ndola anayevunja magari ya Japani, anauliza karteri ya nyuma ya RX-8, anataka picha ya kromi kabla ya kutuma pesa.

Gari bado liko uani, limefunikwa turubai, linangoja. Ile karteri nyingine iko kwenye rafu ya juu, na fundi ameiandika kwa chaki nyeupe, herufi kubwa: RX-7 TU.